Mtoto Aliyefiwa Anaporudi Darasani

Somo: Nehemia 1:1–4 na 2:1–8

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotokea katika kila shule ya Taita Taveta, kuanzia Taveta mpakani mpaka Voi, na ambalo halikuandikwa katika ratiba yo yote ya masomo. Ni habari ya mtoto aliyefiwa.

Matanga yamekwisha. Turubai limefunguliwa, masufuria yaliyoazimwa yamerudishwa, wageni wa Mombasa na Nairobi wamepanda magari yao. Jumatatu asubuhi mtoto anavaa sare, anachukua mkoba, anashika njia kwenda shuleni. Sisi wakubwa tunapumua na kuambiana, "Afadhali aende akacheze na wenzake, atasahau." Je, atasahau?

Hebu tufungue kwanza kitabu cha Nehemia. Wengi wetu tunamjua Nehemia kama mjenzi wa ukuta, lakini kabla hajagusa jiwe hata moja alikuwa mtu wa msiba. Alipata habari mbaya za nyumbani kwao katika mwezi wa Kisleu. Aliketi, akalia, akafunga, akaomba. Kisha akarudi kazini, maana alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, na kazi ya mfalme haingoji. Tunamkuta tena katika mwezi wa Nisani. Hesabu mwenyewe: tangu Kisleu hata Nisani ni kama miezi minne. Kwa miezi minne alikuwa akishika kikombe kama kawaida. Ndipo siku moja huzuni ikamtoka usoni mbele ya mfalme.

Tazama alivyofanya mfalme yule, ambaye hata hakuwa wa dini ya Nehemia. Alimwona. Akatofautisha uso wa ugonjwa na uso wa moyo ulioumia. Akauliza. Akaisikiliza habari mpaka mwisho, akauliza tena mtu huyu anataka nini, akampa muda wa kuondoka na barua za kumsaidia njiani. Hakumwambia ajikaze. Wala hakumfukuza kwa kuleta uso mzito mezani, na Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa mno. Mimi nikiwasoma walimu somo moja tu la Biblia kwa mwaka, ningechagua mistari hiyo minane.

Sasa tumfikirie mtoto mmoja. Yuko Gredi ya 5 katika shule iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa. Baba yake alikuwa utingo wa lori, na barabara ikamchukua, kama ilivyowachukua wengi wa hapa kwetu. Au tumfikirie wa Sagalla au wa Mwatate, ambaye mjomba aliyemlea alikutana na ndovu alfajiri shambani. Katika msiba wa namna hiyo watu wazima huwa na shughuli nyingi. Kuna polisi, kuna maofisa wa wanyamapori, kuna fomu za fidia, maana sheria ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Ndugu wanakutana, wanahesabu, wanabishana. Mtoto anakaa pembeni ya ukuta akisikiliza yote. Hakuna anayemwuliza neno, isipokuwa kumtuma maji.

Juma la kwanza shuleni yuko kimya, na kila mtu anamhurumia. Juma la tatu anampiga mwenzake kwa sababu ya kalamu. Juma la tano analala darasani wakati wa hesabu. Siku nyingine mwalimu anamwona uwanjani akicheka na kukimbiza mpira kana kwamba hakuna lililotokea, naye anajisemea, "Kumbe amepona, hii ya darasani ni jeuri." Hapo ndipo tunapokosea sana.

Wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mtu aliyefiwa haendi katika njia iliyonyoka. Huenda na kurudi. Saa hii yumo ndani ya huzuni, saa ile yumo katika kazi na maisha, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kuishi. Kwa mtoto mwendo huo ni wa haraka zaidi. Anaweza kulia saa nne, kucheza saa nne na nusu, na kulia tena saa tano. Kucheza kwake hakumaanishi kwamba amesahau marehemu. Amepumzika kidogo tu, kama mchukuzi anavyotua mzigo akifika kilimani.

Walimu wengi waliopita vyuoni watakumbuka zile hatua tano za daktari Elisabeth Kübler-Ross: kukana, hasira, kutafuta mapatano, huzuni kuu, na kukubali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, nacho kilifanya kazi njema, maana kilifungua midomo ya watu juu ya kifo. Lakini alikuwa akieleza hasa habari za wagonjwa waliojua kwamba wao wenyewe watakufa. Ukikichukua kama ngazi ambayo kila mtoto apande kidato kwa kidato, utamwonea. Hakuna mtoto anayefika "kukubali" mwisho wa muhula kwa sababu ripoti inafungwa.

Jambo lingine ni umri. Mtoto mdogo hajui bado kwamba kifo hakina kurudi. Wengi hulielewa hilo kati ya miaka 5 na 7 hivi, wengine baadaye. Basi sisi tunapomwambia wa chekechea kwamba mama "amelala," tunamfundisha kuogopa kitanda. Tukisema "amesafiri," atakaa mlangoni akingoja basi la jioni, na baada ya siku nyingi ataamua kwamba mama hampendi. Na tukisema kwamba Mungu alimhitaji mama mbinguni, mtoto atauliza moyoni, pasipo kuthubutu kutamka, kwa nini Mungu ana haja na mama kuliko yeye. Neno la kweli ni fupi: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na wewe hukufanya kosa lo lote. Hayo ya mwisho usiyaache. Watoto wengi hujidhania kuwa wao ndio sababu. Mmoja alikasirika siku ile na kumwambia baba maneno mabaya, mwingine alikataa kwenda dukani, naye hubeba hilo peke yake kwa miaka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na hapa ningependa tukumbuke kitu cha nyumbani. Wazee wa Taita, kabla na hata baada ya J. A. Wray kufika Sagalla na Injili mwaka 1883, walikuwa na imani kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai bure. Inaweza kuleta ugonjwa kwa watoto na mifugo, hata kama mwenye hasira hakusema neno wala hakutaka kumdhuru mtu. Kwa hiyo palikuwa na tendo la kutasa. Mtu alitia kinywani pombe ya miwa, au maji ya miwa, au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na kwa kufanya hivyo akaiondoa hasira yake. Bibi Grace Harris, mtaalamu wa mila, alikaa katika milima hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa maoni yake, kuitoa hasira ndicho kilikuwa kiini cha dini ya Wataita.

Siwaambii watu wa kanisa warudie tambiko. Mnajua msimamo wetu. Lakini ni haki kusema kwamba wazee hao walijua kitu ambacho shule zetu nyingi hazijui: kilicho moyoni hakiishi kwa kufungiwa, na kinywa ni mlango wake. Walijua pia kwamba huwezi kumtakia mwenzako heri huku umeficha fundo. Vyuo vikuu vilichelewa kufika hapo. Neno "akili ya hisia" lilielezwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, mwaka 1990, na likaenea duniani kwa kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995. Maana yake si kuwa mpole wala kuwa mtu wa machozi. Ni kuweza kuitambua hisia iliyomo ndani yako na ndani ya mwenzako, kuijua kwa jina, kujua imetoka wapi, na kuamua utaifanyia nini kabla haijakufanyia wewe.

Tuanze na jina. Mwulize mtoto wa shule, "U hali gani?" Atakujibu, "Niko sawa." Mwulize aliyefiwa jana, naye atakujibu vilevile. Hana neno lingine, na si kosa la Kiswahili. Lugha hii ni tajiri. Kuna huzuni, na kuna simanzi, na kuna majonzi. Kuna hasira, na hamaki inayopanda ghafla, na kinyongo kinachokaa. Kuna woga, wasiwasi na fadhaa. Kuna haya, ambayo ni njema, na kuna aibu. Kuna upweke wa kukosa mtu wa kucheza naye, na kuna ukiwa, ule wa nyumba iliyoachwa. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyaandika maneno hayo ubaoni siku moja, akayafanya kuwa somo la msamiati kama mengine, na watoto wakatunga sentensi. Hakuna atakayejua kwamba amemfundisha yule mmoja wa dawati la nyuma jinsi ya kusema kilichomo kifuani mwake. Na uchunguzi umeonyesha kwamba mtu anapoipa hisia yake jina, mara nyingi ukali wake hupungua kidogo. Ni kidogo tu, lakini mtoto anaweza kupumua.

Kuna njia nyingine nyepesi, inayowafaa wadogo. Wakati wa kuita majina asubuhi, kila mmoja aseme hali ya hewa ya moyo wake. Watoto wa Wundanyi wanajua ukungu kuliko mtu ye yote: huoni mti ulio mbele yako, lakini mti upo. Watoto wa Voi wanajua vumbi, na jua la Februari, na wingu linalopita bila kunyesha. Mtoto atakayeshindwa kusema "nina majonzi" hatashindwa kusema "leo mimi ni ukungu." Mwalimu asiulize sababu mbele ya wote. Aweke alama ndogo katika daftari lake na kumtafuta baadaye.

Hapo niseme kwa mkazo. Usimsimamishe mtoto mbele ya darasa aeleze msiba wake. Usimtake alie ili ujue kwamba anahuzunika, wala usimkataze akilia. Akikataa kuzungumza, liache. Mazungumzo yenyewe yaweza kuwa mafupi namna hii, chini ya mwembe wakati wa mapumziko:

"Nimeona juma hili umechoka, mwanangu. Namkumbuka baba yako."

"Niko sawa, mwalimu."

"Haya. Hulazimiki kusema. Ijumaa nitakuuliza tena."

Na Ijumaa amwulize. Hiyo Ijumaa ndiyo kazi yenyewe. Marafiki wa Ayubu walikuwa waalimu wazuri kwa siku saba walizokaa naye chini bila kusema, na mambo yalianza kuharibika walipofungua vinywa kutoa maelezo.

Wavulana nao wana taabu ya pekee. Toka kaburini wanaambiwa, "Jikaze, sasa wewe ndiwe mwanamume wa nyumba." Mtoto wa miaka 11! Anayekatazwa huzuni hubaki na hisia moja tu aliyoruhusiwa, nayo ni hasira, maana hasira ya mvulana hatuishangai. Kwa hiyo ile ngumi ya juma la tatu huenda ni kilio kilichokosa njia. Msichana naye mara nyingi hupewa kazi badala ya maneno. Anakuwa mama wa wadogo zake, anaamka kabla ya jogoo, na kulala kwake darasani ni uchovu mtupu.

Je, hayo yanamaanisha asikanywe? Hapana. Aliyepiga amepiga, na aliyepigwa ana haki yake. Lakini viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza adhabu ya kumdhalilisha mtoto, iwe ya mwili au ya nafsi. Hata kama sheria isingekuwapo, fimbo ingemfundisha nini mtoto huyu? Kwamba uchungu hujibiwa kwa uchungu. Mwalimu akae nao wawili, amsaidie huyu kusema, "Nilihamaki," na yule kusema, "Niliumia," kisha kalamu irudi kwa mwenyewe. Mtaala wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019 unadai kwamba mtoto ajitambue, ajiamini na ajue kushirikiana na wenzake. Basi hiyo ni nafasi yake, tena bila kununua kitabu.

Sasa muda. Mchunguzi mmoja wa Marekani, William Worden, na wenzake waliwafuata watoto 125 wa jimbo la Massachusetts waliofiwa na mzazi. Baadhi yao walionekana kuwa salama mwaka wa kwanza, na taabu yao ikajitokeza mwaka wa pili. Sisi kwa wakati huo tumeshasahau, na mwalimu wa darasa amebadilika. Wazee wetu hapa, kama mjuavyo, hawakufunga habari ya marehemu siku ya mazishi. Baada ya muda walilifukua fuvu na kuliweka pamoja na ya watu wa ukoo wake katika pango la mwamba, na mapango hayo yapo mpaka leo milimani. Mila hiyo imekwisha, lakini ilikuwa na maana kwamba msiba una siku ya pili. Mwalimu anaweza kuiandika tarehe ya kifo katika kumbukumbu za mtoto, na anapohama Gredi mwalimu mpya aikute. Ikifika tarehe hiyo mwakani, neno moja latosha: "Najua leo ni siku gani."

Linapotokea janga kubwa, serikali na makanisa huja. Hilo lilionekana Septemba 2024, moto wa bweni ulipowaua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Ni vema sana kwamba washauri hupelekwa. Lakini mtoto mmoja aliyefiwa na mama mmoja huko Mgange au Kasigau hatapata gari la washauri. Atampata mwalimu wake, na nyanya yake, na mhubiri anayekwenda shuleni kila juma kwa kipindi cha mafundisho ya dini. Ninyi wahubiri wa kipindi hicho, tafadhali, msikitumie kwa hadithi za kuwafurahisha watoto peke yake. Waulizeni walimu ni nani amefiwa muhula huu. Someni nao Nehemia. Waambieni kwamba Yesu alilia kaburini, ingawa alijua atakalotenda dakika chache baadaye.

Ziko dalili ambazo mwalimu asizibebe peke yake. Mtoto asipokula kwa siku nyingi, akijiumiza, akisema kwamba anataka kumfuata marehemu, hilo si la kungojea Ijumaa. Aitwe mlezi siku hiyohiyo, na mtoto apelekwe hospitali. Kuna pia namba ya simu ya watoto, 116, ambayo haitozwi fedha.

Tena, mwalimu mwenyewe hufiwa. Anarudi darasani na chaki mkononi, watoto 50 wakimtazama, nao wanajua, maana kijiji hakina siri. Akiwaambia, "Watoto, nimefiwa na dada yangu, leo nina simanzi, mkiniona kimya si kosa lenu," amewafundisha zaidi ya ukurasa mzima. Wameona mtu mzima akiitaja huzuni kwa jina lake, kisha akageuka na kuandika tarehe ubaoni.

Neno dogo la mwisho kwa shule, kwa kuwa Januari haikosi kuja. Siku ya kufungua, fomu hugawanywa: jina la baba, jina la mama, namba za simu. Wengine wanaandika haraka na kupeleka mbele. Mmoja ameshika kalamu hewani, hajui kama anaruhusiwa kuandika jina la mtu aliyekufa, au aache wazi, au aandike la nyanya. Mwalimu aliyeangalia kumbukumbu zake jioni iliyotangulia atapita katikati ya madawati, atainama karibu naye, na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika.